Mwalimu wa Mwanao Anafundishwa na Nani? Somo Kutoka Salale

Mzazi anapompeleka mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza huwa na maswali mengi. Huuliza habari za sare na madaftari, huuliza kama kuna uji wa saa nne, huuliza kama choo cha wasichana kina mlango. Liko swali moja ambalo katika vikao vya wazazi hatujazoea kulisikia: mwalimu atakayemfundisha mwanangu kusoma, yeye mwenyewe mara ya mwisho alifundishwa lini, na nani?

Juma hili tumeona tulilete swali hilo katika kurasa za familia, na tumeelekeza macho yetu Salale, kata iliyomo katika delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Tumeichagua Salale kwa kuwa mwalimu wa huko yuko mbali na karibu kila kitu ambacho mwalimu wa mjini hukipata kwa kuvuka barabara: chuo, maktaba, ofisi ya elimu, hata mwalimu mwenzake wa somo lile lile. Kwa miaka kadhaa sasa walimu wa namna hii wamekuwa wakiahidiwa kwamba kompyuta na mtandao vitaufupisha umbali huo. Ahadi ni njema. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hawezi kusimamisha umri wake akangojea kuona kama itatimia. Miaka ya kujifunza kusoma ikimpita hivi hivi, kuirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi hairudi.

Nchi inayopimwa kwa maji

Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa hufika Bungu, akaiacha barabara kuu na kushika njia ya kushoto kuelekea baharini hadi Nyamisati, bandari ndogo ambako wasafiri wa Mafia hupanda chombo kwenda Kilindoni. Kutoka hapo nchi inageuka kuwa maji. Mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia bahari ya Hindi, na katikati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu wa delta huishi kwa uvuvi wa samaki na kamba, kwa mpunga na kwa mikoko. Safari zao huamuliwa na maji kujaa na maji kupwa, na anayekosa maji hungojea.

Hebu tumfikirie mwalimu katika shule mojawapo ya visiwani humo. Tuseme ameitwa semina ya siku moja mjini Kibiti. Siku ya kwanza atangojea maji yajae, apande mtumbwi au boti, afike bara, atafute gari, alale njiani au mjini. Siku ya pili atakaa semina. Siku ya tatu atarudi, maji yakiruhusu. Semina ya siku moja imekula siku tatu, na kama shule ina walimu wachache, madarasa mawili au matatu yamekaa bila mwalimu muda wote huo. Mwalimu mkuu mwenye huruma na wanafunzi wake huenda akaona ni heri asimpeleke mtu. Hapo ndipo mwalimu wa delta anapoanza kubaki nyuma, na hakuna aliyefanya kosa.

Historia ya Salale yenyewe ina fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuja kujificha katika mikono hii ya mto. Waingereza walikuwa na manowari zenye nguvu zaidi, lakini zilikuwa nzito, na kina cha maji ya delta hakikuziruhusu kuingia. Zilibaki nje zikizunguka kwa miezi. Ikabidi viletwe vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyoundwa kupita katika maji machache, ndipo Königsberg ikaangamia mwezi Julai 1915. Hatuvisifu vita. Tunachosema ni kwamba delta haiingiliki kwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya bahari kuu. Na mipango mingi ya elimu huundwa mijini, kwa ajili ya shule zenye barabara, umeme na mtandao, kisha husubiriwa ielee Salale.

Tui la kwanza na tui la tatu

Kwa muda mrefu mafunzo ya walimu waliomo kazini yalikwenda kwa mtindo wa kupokezana. Wataalamu wachache hufundishwa taifani, nao huwafundisha wa mkoa, wa mkoa huwafundisha wa wilaya, na wa wilaya humwita mwalimu mmoja au wawili kutoka kila shule. Mwalimu huyo akirudi kituoni hutarajiwa awafundishe wenzake wote.

Kila mama wa pwani anajua kinachotokea nazi ikikamuliwa mara nyingi. Tui la kwanza ni zito na lina ladha. La pili ni jepesi. La tatu ni maji yaliyopita kwenye chicha. Mafunzo ya kupokezana huwa hivyo hivyo. Aliyekaa na mtaalamu kwa wiki mbili alipata tui la kwanza. Mwalimu wa delta, aliyesimuliwa kwa nusu saa na mwenzake aliyechoka safari, alipata la tatu, nalo ndilo lililofika kwa mtoto. Wala hatusemi kwamba mwenzake alifanya uvivu. Stadi ya kufundisha haisimuliwi ikaeleweka. Huonwa, hujaribiwa, hukosewa, ikarekebishwa.

Tuchukue mfano mmoja unaowagusa wazazi wengi. Mtoto anazijua herufi zote kwa majina, anaziimba kwa furaha, lakini akiwekewa neno mbele yake anasema "be, a" na hawezi kupata "ba". Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulisisitiza mtoto afundishwe sauti za herufi kabla ya majina yake. Juu ya karatasi hilo ni sentensi moja. Darasani ni mazoea ya miaka ambayo mwalimu anatakiwa ayavunje, nayo hayavunjiki kwa kusomewa waraka. Anahitaji kumwona mwalimu mwingine akifanya, naye afanye akitazamwa na mtu anayemtakia heri.

Redio na posta vilitangulia

Wapo wanaodhani kumfundisha mwalimu akiwa mbali ni jambo jipya lililokuja na intaneti. Wazee wetu wanajua vinginevyo. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kiasi hicho. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini wafundishe na wakati huo huo wasome: kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliozunguka kuwatembelea. Mwishoni walikusanyika kwa semina ya bweni na kufanya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na 1984 walimu zaidi ya 30,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Walimu wale wa UPE walisemwa sana, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki, kwani wengi walianza wakiwa vijana wadogo wenye elimu ndogo. Lakini mpango wenyewe una jambo la kujifunza. Redio haikuachwa peke yake. Kulikuwa na karatasi ya kusoma kwa wakati wake, kulikuwa na sauti redioni, na kulikuwa na mtu aliyekuja kwa baiskeli au kwa miguu kumwona mwanafunzi wake akifundisha. Mambo matatu hayo yalishikana.

Zama za kompyuta zilianza kwa hatua ndogo ndogo. Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kuwekewa kompyuta kwa msaada wa Sweden. Miaka michache baadaye ukaja mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ambapo mwalimu alitumia simu ya mkononi kupakua somo fupi la video na kulionyesha darasani kwa televisheni. Shule zipatazo 150 za msingi zilifikiwa. Katika mkoa jirani wa Lindi na mikoa mingine, mpango wa EQUIP-Tanzania uliotekelezwa kuanzia mwaka 2014 uliwapa walimu wakuu vishikwambi vya kuwekea kumbukumbu za shule, na maafisa elimu kata pikipiki za kuzungukia shule zao. Pikipiki ilikuwa wazo zuri sana kwa Nachingwea au Bariadi. Kwa kisiwa cha mikoko, pikipiki huishia gatini.

MEWAKA na kishikwambi

Hivi leo utaratibu wa taifa unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na unasimamiwa kitaaluma na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wazo lake ni kwamba mwalimu asiitwe mjini kila linapotokea jambo jipya. Mafunzo yamfuate kituoni. Walimu wa shule moja huunda jumuiya ya kujifunza, hukutana shuleni mwao kwa ratiba maalumu, huchagua tatizo linalowasumbua darasani, husoma moduli, hujadiliana, hujaribu, kisha hurudi kuelezana kilichotokea. Shule za jirani nazo hukutana katika kituo cha walimu. Mtandao huingia hapo: Taasisi ya Elimu ina mfumo wa kujifunzia ambamo moduli huwekwa, na pia maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomeka bila malipo.

Vifaa navyo vimeongezeka. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu nchi nzima. Mwaka huo huo ulizinduliwa mpango wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza, na mkoa wa Pwani ni mmoja katika mikoa tisa inayohusika. Kwa hiyo mwalimu wa Salale leo anaweza kuwa na mkononi kitu ambacho mwalimu wa UPE hakukiota: vitabu, video ya darasa la mwenzake, na njia ya kumuuliza mtu wa mbali.

Haja nayo imeongezeka. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Miongoni mwa mabadiliko yake ni kuanza kufundisha somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwalimu aliyesomea ualimu miaka 20 iliyopita, na tangu hapo akaishi mahali ambapo hakuna anayezungumza lugha hiyo, leo anatakiwa ampe mtoto wa miaka sita matamshi yake ya kwanza. Huyu hasaidiwi na kitabu peke yake. Anahitaji kusikia sauti, airudie mara kumi bila kuona haya mbele ya watu. Kishikwambi kinaweza kumpa hilo usiku nyumbani kwake, taa ya sola ikiwa inawaka.

Mtandao unapokatika

Hapa yatupasa tuseme ukweli bila kupamba. Mtandao una adui wengi delta. Umeme wa nguzo haujafika kila kisiwa, na mnara wa simu ukiwa mbali, mikoko na umbali hufanya ishara iwe ya kubahatisha. Bando ni fedha, na mara nyingi fedha hiyo hutoka katika mfuko wa mwalimu mwenyewe.

Mwaka 2024 ulitupa onyo. Mwezi Aprili mafuriko makubwa ya mto yalizikumba Rufiji na Kibiti, mashamba na makazi yakazama. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu kupitia Mafia, na barabara ya kusini ikakatika mahali pengi. Siku chache tu baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima na kwa majirani zetu. Katika majuma hayo hata ofisi za Dar es Salaam zilikwama. Mpango wa mafunzo unaotegemea mwalimu wa delta awe hewani muda wote ungelikuwa umezama pamoja na mashamba.

Dawa yake inajulikana, nayo si ghali. Moduli na video zipakuliwe mahali penye mtandao mzuri, ziwekwe ndani ya kishikwambi au kadi ya kumbukumbu, kisha zipelekwe kisiwani zikiwa tayari, zitumike bila bando. Walimu wakabidhiane faili kutoka kifaa hadi kifaa. Mtandao ubaki kwa yale yasiyowezekana bila huo: kuuliza swali, kutuma taarifa, kupokea moduli mpya kila muda fulani. Anayesafiri kwenda Nyamisati kufuata mshahara au mahitaji anaweza kurudi na masomo ya mwezi mzima mfukoni.

Kifaa peke yake hakitoshi

Kuna kosa jingine, kubwa kuliko la mtandao, nalo ni kudhani kwamba kifaa kikifika elimu imefika. Nchi ya Peru ilitoa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini kwa wingi mno. Watafiti walipozichunguza shule 319, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha. Kompyuta zilikuwapo. Ufundishaji haukubadilika.

Ushahidi ulio karibu zaidi na jambo letu unatoka Mpumalanga, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2017 shule 180 za msingi ziligawanywa katika makundi. Kundi moja la walimu lilipata kocha aliyekuja shuleni, akakaa darasani, akaonyesha na kushauri. Kundi jingine lilipata maandalio yale yale ya masomo ndani ya kishikwambi, na kocha wa kuzungumza naye kwa simu. Mwaka wa kwanza makundi hayo yalikaribia kulingana, na wengi wakafikiri njia rahisi imepatikana. Baada ya miaka mitatu tofauti ikajitokeza: waliotembelewa wanafunzi wao waliendelea katika kuzungumza na kusoma Kiingereza, ilhali wa kocha wa mbali waliendelea kidogo katika kuzungumza tu, na kusoma hakukuongezeka.

Jirani zetu wa Kenya walichanganya yote mawili. Katika mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015, kishikwambi hakikupewa mwalimu kwanza, bali ofisa anayezizungukia shule. Ofisa alikaa darasani, akasikiliza somo, akawasomesha watoto wachache na kuandika matokeo humo humo, kisha akakaa na mwalimu wakazungumza. Kishikwambi kiliweka kumbukumbu ya mahali alipofika, na nauli yake ikalipwa kwa kumbukumbu hiyo. Kwa maneno mengine, kifaa kilitumika kuhakikisha kwamba binadamu amemfikia binadamu.

Tukizileta habari hizo Salale tunapata hesabu iliyo wazi. Kishikwambi kimpe mwalimu wa kisiwani yale ambayo kusafiri kwake kila mara hakuwezekani. Lakini afisa elimu kata na mthibiti ubora wasiambiwe kwamba kwa kuwa kuna mtandao hakuna haja ya kufika. Katika bajeti ya halmashauri, mafuta ya boti yaandikwe kama mafuta ya gari yanavyoandikwa. Halmashauri isiyoyaandika imeamua, hata kama haikusema, kwamba shule za majini hazitembelewi.

Jambo tunalolijua tangu zamani

Waislamu hatuna sababu ya kuliona wazo la jumuiya ya kujifunza kuwa geni. Katika mila yetu ya elimu mwalimu haachi kuwa mwanafunzi. Ustadhi anayewasomesha watoto juzuu asubuhi, baada ya alasiri huonekana ameketi darsani mbele ya sheikh wake na kitabu mkononi. Hupata ijaza kwa kusoma mbele ya mtu aliyesoma mbele ya mtu, na usomaji wa Qur'ani haukuwahi kuachiwa maandishi peke yake. Mdomo wa mwalimu hutazamwa na sikio la mwanafunzi husahihishwa. Aya za kwanza kabisa kumshukia Mtume (s.a.w.) zilimwamrisha kusoma na zikaitaja kalamu, chombo cha kufundishia. Kishikwambi nacho ni chombo. Thamani yake inatokana na darsa linalokizunguka.

Katika sira tunasoma pia kwamba baada ya Badr baadhi ya mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Elimu ya manufaa ilichukuliwa kutoka kwa aliyekuwa nayo, hata kama jana yake alikuwa adui. Kwa mwendo huo, hakuna aibu kwa mwalimu mwenye umri mkubwa kumwomba kijana aliyetoka chuoni mwaka jana amwonyeshe jinsi ya kufungua moduli, wala kwa kijana huyo kumwomba mzee amwonyeshe jinsi ya kulituliza darasa la watoto 80. Jumuiya ya kujifunza hufa pale wanapooneana haya.

Tuongeze jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Mtoto wa delta huwa na walimu wawili: wa shule asubuhi na wa chuoni jioni. Wote wawili wanamfundisha herufi, wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, wa pili kutoka kulia kwenda kushoto. Mara ngapi wamewahi kuketi pamoja wakamzungumza mtoto mmoja asiyeshika? Mwalimu wa shule angeweza kumkaribisha ustadhi katika kikao kimoja cha jumuiya ya kujifunza, na ustadhi angeweza kuwaeleza wenzake jinsi anavyomfanya mtoto wa miaka saba akumbuke kurasa nzima kwa moyo. Hilo halihitaji bando.

Wazazi tufanye nini

Tunajua msomaji atauliza: haya ni ya serikali na wataalamu, mimi mvuvi au mama mkulima wa mpunga nina nafasi gani? Nafasi ipo, tena kubwa.

Kwanza, katika mkutano wa wazazi na walimu tuulize kwa adabu: je, walimu wetu wana siku yao ya kujifunza pamoja? Wanakutana? Mwezi huu wamejifunza nini, na darasani kimebadilika kitu gani? Swali hilo likiulizwa kila mara, kikao hakitageuka kuwa saini katika daftari. Na siku walimu wanapobaki kujifunza, tusiwalaumu kwamba wamekaa bure.

Pili, tutazame chaji. Kishikwambi kisicho na umeme ni kigae. Kamati ya shule inaweza kuzungumza na mwenye duka au msikiti wenye sola, vifaa vya walimu vikachajiwa huko hadi shule ipate sola yake. Kijiji kinachochangia betri ya kipaza sauti cha msikiti hakishindwi na hili.

Tatu, tumtazame mwalimu mwenyewe, hasa mwalimu mwanamke. Binti aliyetoka Kilimanjaro au Iringa, aliyepangiwa kisiwa ambacho hajui mtu, asiye na nyumba yenye mlango wa kufungika, hatakaa hata akipewa kompyuta kumi. Akiondoka, anaondoka na yote aliyofundishwa, na tunaanza upya na mwingine. Wilaya ya Kibiti ilipita katika miaka migumu ya mauaji, na hofu ile iliwagusa wenyeji na watumishi pia. Kumpokea mwalimu kama mgeni wetu, kumpatia nyumba ya heshima na kumjulia hali ni sehemu ya mafunzo yake, kwa kuwa ndiyo yanayomfanya akae hadi yazae.

Nne, nyumbani mwetu tukitenge kifaa cha kazi na kifaa cha mchezo. Mwalimu akiwa ni baba au mama katika nyumba, watoto watataka kishikwambi chake waangalie katuni. Kifaa hicho ni amana. Kikivunjika au kikajaa michezo hadi moduli zikakosa nafasi, darasa zima limepata hasara.

Tano, wale waliotoka delta na sasa wako Dar es Salaam, Mafia au ng'ambo wakumbuke kwamba sadaka haina sura moja. Tumezoea kuchangia mabati, kisima na tende za Ramadhani, na Allah awalipe wanaochangia. Kadi ya kumbukumbu iliyojazwa masomo, betri ya sola au nauli ya boti ya mwalimu mahiri aje kukaa siku mbili na wenzake nayo ni katika elimu yenye kunufaisha, ambayo tunatumaini thawabu zake hazikatiki.

Mwisho turudi pale tulipoanzia. Mwakani, panapo majaaliwa, mzazi atamshika mwanawe mkono, atamvusha kwa mtumbwi, atamfikisha mlango wa darasa la kwanza. Atauliza habari za sare, uji na choo, nayo ni maswali ya haki. Tunamwomba aongeze lile moja, alimuulize mwalimu kwa upole na kwa jina lake: mwalimu, wewe unajifunza na nani, na sisi wazazi tukusaidie nini usiache kujifunza? Ikiwa mwalimu atakuwa na jibu, mzazi arudi nyumbani akiwa na matumaini. Ikiwa hatakuwa nalo, basi hiyo ndiyo ajenda ya mkutano ujao wa kijiji, na isiondoke mezani hadi ipate jibu.